Sehemu ya Mwisho ya "Barua Ndani ya Mchele"

Ijumaa, tarehe 15 Machi mwaka 2019, saa nane mchana, wanawake tisa tuliketi mbele ya runinga katika chumba cha juu cha ukumbi wa mtaa wetu, Amagasaki, Japani, kutazama sehemu ya mwisho ya tamthilia ya mapenzi ambayo nusu yake ilikuwa maisha yangu. Ilikuwa imerushwa usiku uliotangulia, lakini tuliahidiana kwamba hakuna atakayeitazama peke yake nyumbani. Mwalimu Ogura, anayetufundisha kusoma na kuandika kila Ijumaa, aliirekodi na kutuandikia jina lake ubaoni: "Barua Ndani ya Mchele". Bi Sunja, ambaye ana miaka themanini na mmoja na hamwogopi mtu, alifungua bakuli la achari yake ya kabichi, harufu ikajaa chumba kizima.

"Kitaura," akaniambia, "leo ukilia usinilalie begani. Bega lenyewe lina baridi yabisi."

"Sitalia, dada."

"Wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo. Blauzi yangu mpaka leo ina chumvi."

Wenzetu wakacheka. Mimi nilikuwa nikiitazama saa ya ukutani. Saa tisa kamili, kabla wagonjwa wa jioni hawajaanza kuingia, binti yangu Nahoko angenipigia simu kutoka Kobe, anakofanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno. Yeye alikwisha kuitazama sehemu hiyo usiku, kwa kuwa nilimwomba aitazame, na nilimwambia kwamba ikiisha nina neno la kumwambia. Neno hilo nilikuwa nimelibeba miaka thelathini na miwili. Nilitumaini kwamba tamthilia ingelisema kwanza, kisha mimi ningekuwa na kazi ndogo tu ya kuitikia.

Nieleze lilivyoanza.

Nilizaliwa milimani Kochi, wa kwanza kati ya watoto saba. Wenzangu walipokwenda shule, mimi nilikuwa na mdogo wangu mgongoni, na alipotoka huyo akapanda mwingine. Nilipofika Amagasaki kufanya kazi katika duka la tambi nilikuwa na miaka ishirini, na sikuweza kuandika hata jina langu. Sisi tulio hivyo tuna dawa yetu, nayo ni bandeji. Ukienda ofisi ya manispaa unaifunga mkono wa kulia kabla ya kutoka nyumbani, unauinua mbele ya karani na kusema: samahani, nimeumia, tafadhali niandikie. Karani huandika, hukupa pole, nawe unaondoka na heshima yako.

Mteja mmoja wa duka lile, Yasuhei, dereva wa lori la mbao, akaanza kuniachia barua chini ya bakuli. Sikuweza kuzisoma wala kuzitupa. Nilizificha ndani ya sanduku la mchele, ambalo hakuna aliyelifungua isipokuwa mimi. Kila alipouliza mbona simjibu, nilimwonyesha bandeji. Mwezi wa nne wa barua hizo nikafanya kosa. Nilikuwa na haraka, nikaifunga mkono wa kushoto.

Yasuhei aliutazama mkono ule, akamaliza tambi zake zote, akanywa na mchuzi, ndipo akasema, "Ugonjwa wako unatembea. Juzi ulikuwa kulia."

Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye akacheka taratibu.

"Kesho lete barua zote," akasema. "Nitakusomea mwenyewe. Mwandiko wangu ni mbaya kiasi kwamba hata mimi naogopa kuusoma peke yangu."

Alinisomea kila kitu katika ndoa yetu: barua zake zenye vumbi la mchele, karatasi za manispaa, maelezo ya dawa, na Nahoko alipoanza shule, daftari la mawasiliano. Kila mtoto alikuwa nalo. Mwalimu huandika ujumbe, mtoto hulileta nyumbani, na mzazi hugonga muhuri wa jina la ukoo kuonyesha kwamba ameona. Mwaka 1986 lori la Yasuhei liliteleza karibu na Himeji wakati wa mvua, na hakurudi. Nahoko alikuwa na miaka minane. Jioni baada ya mazishi aliliweka daftari juu ya meza kama kawaida yake. Nilitoa muhuri, nikaupulizia pumzi, nikaugonga.

Niliendelea kugonga kila jioni. Sikujua ninagonga juu ya nini.

Oktoba ya mwaka uliofuata darasa lao lilikwenda kutembea mlimani. Siku za kawaida watoto hula chakula cha shule, lakini siku ya matembezi kila mtoto huja na kisanduku cha chakula kutoka nyumbani, na mama wa Amagasaki huamka alfajiri kukaanga mayai na kufinyanga matonge ya wali. Ujumbe ulikuwa ndani ya daftari, na chini yake muhuri wangu mwekundu, umesimama wima. Nahoko alipanda mlima na mkoba wenye leso tu. Mwalimu wake alimkatia nusu ya tonge lake. Aliporudi hakulia. Alifungua daftari, akaweka kidole juu ya muhuri.

"Uliona, Mama. Hii hapa. Uliona na hukunipikia."

Ningeweza kumwambia ukweli wakati ule. Nilimwambia, "Nilisahau."

Nilidhani mama msahaulifu ni afadhali kuliko mama asiyejua kusoma. Huenda kwa majirani ilikuwa hivyo. Kwa mtoto haikuwa hivyo hata kidogo. Nahoko alikua akawa mtu wa adabu kwangu. Huja Mwaka Mpya na siku za kuwakumbuka wafu, akiwa na boksi la keki lililofungwa kwa karatasi ya duka, kama mgeni anayekuja kutoa shukrani. Hukaa mpaka chai iishe. Hata nilipojiunga na darasa letu, miaka saba iliyopita, nilimwambia kwamba Ijumaa huwa nakwenda kwenye mazoezi ya viungo.

Juni ya mwaka jana akaja Bi Shirakabe kutoka kituo cha televisheni. Alikuwa akiandika tamthilia kuhusu msichana asiyejua kusoma na mwanamume anayempelekea barua. Alikuja kila Ijumaa kwa miezi mitatu. Alivua viatu mlangoni, akakunja miguu sakafuni pamoja nasi, akanywa chai yetu ya shayiri, akala achari ya Bi Sunja mpaka macho yakamtoka machozi. Aliona jinsi Mwalimu Ogura anavyotuandikia herufi ndogo nyepesi kando ya zile ngumu ili tuweze kuzitamka. Wakati mwingine yeye mwenyewe alituandikia hizo ndogo. Tulimpenda.

Mimi nilimpa visa vya bandeji, mkono wa kushoto na sanduku la mchele. Mwishoni nikamletea na daftari la Nahoko, ambalo nimelihifadhi kabatini nyuma ya picha ya Yasuhei. Alilipokea kwa mikono miwili. Akalifungua ule ukurasa wa matembezi.

"Sehemu ya mwisho itakuwa hii," akasema. "Mama anafungua daftari na kumwambia binti yake ukweli. Nakuahidi, Bi Kitaura."

"Binti yangu hajui," nikamwambia. "Hakuna anayejua nje ya chumba hiki."

"Basi tutamwambia pamoja."

Ndiyo maana nilimwomba Nahoko aitazame. "Mama," akaniuliza kwenye simu, "tangu lini wewe na mapenzi ya kwenye runinga?" Lakini aliitazama, na kwa majuma tisa tukapata jambo la kuzungumza. Alimpenda msichana wa tamthilia, aitwaye Kiyora. Siku ile Kiyora alipozificha barua ndani ya mchele, Nahoko alinipigia mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu sijui lini, akasema, "Maskini, kwa nini hamwambii tu?" Nilishika simu kwa mikono miwili. Nikamjibu, "Subiri mwisho."

Sasa mwisho ulikuwa mbele yetu.

Kiyora alikuwa akitengeneza mashada ya harusi. Mchumba wake wa tamthilia aliingia pamoja na mwalimu mrembo kutoka Tokyo, aliyempenda zamani. Mwalimu huyo akanyoosha kidole. Bandeji ilikuwa mkono wa kushoto. Nilimgusa Bi Sunja gotini, kwa maana nilijua kwamba sasa mwanamume atacheka na kusema ugonjwa wako unatembea. Hakucheka. Ukapigwa muziki kama wa polisi wanaovunja mlango. Kisha wakatuonyesha siku zilizopita, Kiyora yuko peke yake chumbani, amelalia tumbo, anatoa barua mojamoja kutoka kwenye mchele. Anazisoma. Anazisoma upesi upesi, midomo haichezi, na anacheka.

Alijua kusoma tangu mwanzo. Bandeji aliiona kwa mwanamke mwingine aliyekuwa akiosha vyombo dukani, mwanamke mzee wa kusikitikiwa, akaiga ili apendwe kwa huruma. Mwanamume alipanda treni na yule mwalimu wa Tokyo. Theluji ikaanguka na wimbo ukaimbwa. Daftari halikuonekana. Binti hakuonekana. Hapakuwa na binti kabisa.

Mwalimu Ogura alizima runinga.

"Rudisha nyuma," akasema Bi Sunja. "Kuna kipande kimekatika."

"Hakuna kilichokatika, Bi Sunja."

"Yule msichana anajua kusoma?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Bi Sunja akafunika bakuli lake. "Wiki tisa," akasema. "Nimemlilia wiki tisa mtu anayejua kusoma. Mimi nilifunga bandeji miaka arobaini, na wajukuu zangu wameitazama hiyo jana usiku. Sasa wataniuliza, bibi, na wewe ulikuwa unajifanya?"

Mwalimu Ogura, kwa kutaka kutuliza mambo, alileta boksi la keki lililokuwa limefika asubuhi kutoka kwa Bi Shirakabe, pamoja na barua ya shukrani kwa darasa. Aliifungua na kuiweka katikati ya meza. Ilikuwa na kurasa mbili za herufi ngumu, nyeusi, zilizobanana kama maandishi ya mahakama. Kando yake hapakuwa na herufi ndogo hata moja. Wanawake tisa tuliinama juu ya karatasi ile. Mimi nilitambua jina la mtaa wetu, neno "shukrani", na neno "moyo". Miezi mitatu alikuwa ameketi pale pale.

"Niwasomee?" Mwalimu akauliza, uso umemwiva.

"Usitusomee," akasema Bi Sunja. "Angetaka tuisome, angeiandika tuisome."

Hapo simu yangu ikalia. Saa tisa kamili. Nilitoka nayo kwenye ngazi.

"Mama," akasema Nahoko, na sauti yake haikuwa ile ya majuma tisa. "Ndiyo hii uliyotaka niione?"

"Nahoko, haikupaswa kuwa hivi."

"Sikulala. Uliniambia ikiisha una neno la kuniambia. Nikaona mwanamke anamdanganya mwanamume mpaka anakimbiwa. Sasa sema. Ulimfanyia baba nini?"

"Baba yako? Mimi sikumfanyia baba yako lolote."

"Barua zile ndani ya mchele ni zenu. Nilizikuta nikiwa mdogo, zimejaa chenga. Kwa hiyo ulikuwa unamcheka?"

Nilitaka kusema. Lakini nilipofungua mdomo nilimwona Kiyora amelalia tumbo akicheka, nikajua kwamba nikisema sasa kwamba sikujua kusoma, nitasikika kama yeye. Walikuwa wamenichukulia ukweli wangu na kuurudisha umevaa nguo za uongo.

"Si kitu," nikasema. "Nilidhani itakuwa nzuri. Nilikosea tu."

"Sawa," akasema, kwa ile adabu yake ya zamani. "Wagonjwa wanaingia. Jitunze."

Nilibaki kwenye ngazi. Kisha nikampigia Bi Shirakabe.

"Bi Kitaura!" akaitika. "Mmeona? Nchi nzima inaizungumzia."

"Sehemu ya daftari iko wapi?"

"Niliandika. Kweli niliiandika sehemu ile. Lakini hii ni tamthilia ya mapenzi, na watazamaji walikuwa wamekwisha kubashiri mwisho. Wakubwa wakataka tuwashtue. Sikuwa na uwezo juu yao."

"Ulikuwa na simu."

Akarudia habari za wakubwa, nikamkatiza.

"Nilimwambia binti yangu asubiri mwisho," nikasema. "Mwisho wako ndio uliomjibu."

"Nimewaandikia barua," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeeleza yote humo."

"Barua yako hatuwezi kuisoma."

Nilisikia akivuta pumzi, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Akaanza kuomba radhi, akaomba tena na tena, na naamini alikuwa akiinama huko alikokuwa. Nilikata simu katikati ya radhi zake. Sijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Nilipoingia chumbani, Bi Sunja alinitazama mara moja tu.

"Hukumwambia mwanao."

"Sikuweza."

"Hukuweza, au ulitaka yule wa televisheni akusemee?" Aliusogeza mto wake wa kukalia karibu nami. "Sikiliza, nisikupake mafuta. Yule mwanamke ametudhulumu, na akija hapa nitampiga kwa bakuli. Lakini wewe nawe, Kitaura, ulikwenda kwake kama tulivyokuwa tukienda kwa karani. Umeinua mkono ukasema, nimeumia, niandikie."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba yeye hana binti, na kweli hana, ana wana wanne. Lakini nilikuwa nikiutazama mkono wangu wa kulia juu ya meza, mzima, una alama ya kalamu kidoleni.

Daftari lilikuwa mkobani. Nilikuwa nimelileta ili nilishike wakati sehemu ile itakapoonyeshwa. Nililifungua ule ukurasa wa Oktoba 1987. Chini ya muhuri wangu kuna kisanduku chenye maneno "Kutoka nyumbani", mahali pa mzazi kumjibu mwalimu. Katika daftari zima visanduku vyote vilikuwa vitupu. Nilichukua kalamu ya wino. Mwalimu Ogura alielewa, akaenda kusimama dirishani, ametupa mgongo.

Ilinichukua mpaka saa kumi na moja. Niliandika hivi:

"Nahoko. Muhuri huu ni wangu lakini sikuona. Wakati ule sikujua kusoma. Baba yako alikuwa akinisomea, naye alikuwa amekufa. Sikusahau chakula chako. Sikujua. Nilisema nilisahau kwa sababu niliona aibu. Hukuwa mtoto wa kusahauliwa. Mama."

Kisha nikarudi nyuma, kwenye ukurasa wa Mei mwaka ule ule. Hapo mwalimu wa Nahoko aliandika: "Leo Nahoko alimlilia baba yake nyuma ya mlango wa darasa. Tafadhali mkumbatie jioni hii." Hapo pia nimegonga muhuri, tena vizuri. Ujumbe huo nilikuja kuusoma mwenyewe baada ya miaka miwili ya darasa letu, na siku hiyo nilishindwa kurudi nyumbani kwa miguu yangu, Bi Sunja akanishika mkono. Katika kisanduku cha ukurasa ule niliandika neno moja: "Samahani."

Jumamosi niliamka alfajiri. Nilikaanga yai la kukunja, nikafinyanga matonge matatu ya wali, nikayavika mwani, nikafunga kisanduku kwa kitambaa. Nilipanda treni ya Kobe. Nahoko alitoka mlango wa nyuma wa kliniki akiwa na sare yake ya waridi, akiwa na dakika kumi tu. Tuliketi kwenye benchi karibu na mashine ya vinywaji. Nilimpa daftari likiwa limefunguliwa.

Alisoma. Aliinua macho akanitazama mikono, akasoma tena.

"Ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Mazoezi ya viungo ya Ijumaa?"

"Ni darasa."

Aligeuza kurasa mpaka ule wa Mei. Hapo aliweka kidole juu ya lile neno moja. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Yule mwandishi wa televisheni alijuaje mambo ya barua ndani ya mchele? Na wewe ulijuaje kwamba mwisho utakuwa na neno lako?"

"Nilimweleza. Alituahidi."

"Alilishika hili daftari?"

"Ndiyo."

"Kabla yangu."

"Ndiyo, Nahoko."

Uso wake ukawa ule wa miaka tisa, siku ya mlima. "Miaka thelathini na miwili, Mama," akasema. "Nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nalala chumba kimoja na wewe. Ukaenda ukamwambia mtu wa televisheni kwanza."

Nilipokuwa ngazini siku iliyotangulia nilidhani mimi ndiye niliyesalitiwa. Pale kwenye benchi nilielewa kwamba binti yangu naye alikuwa na shauri lake, tena zito kuliko langu, na mshtakiwa hakuwa Bi Shirakabe. Sikujitetea. Nilisema, "Ni kweli," nikainamisha kichwa.

Dakika zake kumi zilikuwa zimekwisha. Alisimama. Kutoka mfuko wa sare alitoa ule muhuri mdogo anaougonga kwenye kadi za wagonjwa kutwa nzima, wenye jina letu, Kitaura. Aliupulizia pumzi jinsi nilivyokuwa nikifanya, akaugonga kando ya maandishi yangu. Haukusimama wima. Ulilala kidogo upande.

"Nimeona," akasema. "Sijasema nimesamehe. Nimeona."

Akachukua kisanduku cha chakula kutoka magotini pangu, akaingia nacho ndani. Mlango ulipokuwa ukifungwa nilisikia mwenzake akimwuliza amenunua wapi, naye akajibu, "Mama kapika."

Tangu siku hiyo amepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza alisema yai lilizidi sukari. Mara ya pili aliniomba nimsomee barua moja ya baba yake, nami nikamsomea, nikikwama kila mstari, akanisubiri.

Wewe uliyefika mpaka hapa, angalia katika mtaa wako kama yupo mtu ambaye mkono wake hauponi kila anapoingia ofisini. Msomee karatasi hizi taratibu, usimharakishe, kisha umwachie azipeleke kwa mwingine. Lakini neno lake, aliseme yeye mwenyewe, na amwambie kwanza wa nyumbani.